Ruzuku ya kufufua viwanda vya Lubumbashi: pesa ziende wapi?

#1 KijanaWaKampemba
Habari zenu. Leteni hoja, matusi yabaki nyumbani.

Kila kampeni na kila ziara ya waziri tunaahidiwa yaleyale: serikali itatoa pesa kufufua viwanda. Msamaha wa kodi, mikopo ya riba ndogo, dhamana ya benki. Mimi nasema mwenye kiwanda asipewe hata franka moja mkononi. Ruzuku yote iende kwenye umeme na reli. Kiwanda kikipata umeme usiku na mchana, na behewa likafika siku iliyoandikwa, kitasimama chenyewe. Kisipopata hivyo viwili, mpe tajiri pesa upendavyo, atanunulia jenereta na mazuti (dizeli).

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha plastiki, tunatoa beseni na bidoni (madumu). Umeme ukikatika mashine ikiwa kazini, plastiki iliyoyeyuka inaganda ndani ya silinda. Huwezi kuwasha tu ukaendelea. Tunapasha moto polepole, tunafungua kichwa cha mashine, tunakwangua kwa kipande cha shaba ili chuma kisichubuke. Umeme ukirudi, beseni za kwanza zinatoka na madoa meusi, zinarudishwa kusagwa. Zamu nzima imepotea na mshahara unalipwa vilevile. Msamaha wa kodi wa miaka mitano unatibu nini hapo?

#2 MzeeWaLikasi
Mdogo wangu, huo umeme unaoudai tulikwisha kuulipia. Waya wa Inga–Shaba, karibu kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, ulikamilika mwaka 1982 kwa mikopo iliyolemea nchi nzima. Hiyo ilikuwa ruzuku, tena kubwa kuliko zote: taifa likabeba deni, migodi ikapata umeme. Vijiji vingi viliuona unapita juu ya mapaa yao, taa isiwake hata moja.

Na shaba je? Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1994 ilikuwa karibu tani 30,000. Waya ulikuwa umesimama palepale. Kilichoua kazi ni kwamba pesa ya shaba ilikuwa ikipanda ndege kwenda Kinshasa bila kurudi hata kununua vipuri. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na hapo mteremko ukawa hauzuiliki.

#3 RuashiMoja
Mzee, heshima zako, ila umeruka chanzo. Gécamines na viwanda vyote vya Katanga viliuawa na Zaïrianisation ya 1973, ile ya kuwanyang'anya wageni mali na kuwagawia Wazaire. Walipewa watu wasiojua hata kusoma vitabu vya hesabu.

#4 MhasibuWaMjini
@RuashiMoja hapo tutenganishe. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyokuja kuwa Gécamines, ilichukuliwa na serikali tangu Januari 1967, hotuba ya Mobutu ya Novemba 30, 1973 haikuihusu. Ile ya 1973 iliangukia maduka, mashamba na viwanda vidogo na vya kati vya wageni: Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wabelgiji. Kufikia 1976 serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wenyewe, lakini wengi hawakurudi na waliorudi walikuta maghala matupu. Kisha ukaja uporaji wa 1991. Kwa hiyo tuna vifo vya aina mbili, na dawa zake huenda zisifanane.

#5 RuashiMoja
Sawa mhasibu, tarehe nimezichukua. Hoja yangu inabaki: tatizo ni nani anakabidhiwa.

#6 MamaSabuni
Jambo wote. Mimi natengeneza sabuni ya mche, komini ya Kenya hapahapa Lubumbashi, niseme ninayoyajua.

Mawese nanunua yanayoshuka kutoka Kasai na kaskazini. Soda kostiki inatoka nje ya nchi, na kila mlango inaopitia una mkono wake. Nachemsha, nakoroga mpaka uji ushike, namimina kwenye kasha la mbao, kesho yake nakata kwa waya, naanika. Ninaingia gharama zote hizo, halafu nikifika sokoni nakuta sabuni ya nje imepangwa pembeni yangu kwa bei ambayo mimi siwezi hata kurudisha mtaji.

Sasa sikilizeni jambo moja. Mfuko wa kuendeleza viwanda, FPI, upo tangu 1989. Unapata pesa zake kwa kodi ya 2% juu ya bidhaa zinazoingia, NA 2% juu ya zinazotengenezwa hapa hapa. Maana yake mwenye kiwanda wa Kongo anachangia ruzuku ambayo pengine hataiona, na anachangia kiwango kilekile cha yule anayeleta kontena. Kabla ya kunipa, acheni kwanza kunichukulia. Hiyo ndiyo ruzuku yangu, haihitaji tume wala sherehe ya kukata utepe.

#7 KijanaWaKampemba
Mama, hilo la 2% ya ndani ni zito. Watu wengi hawalijui.

#8 TransitKasu
Mi niko Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, kila siku, nasema kile naona. Munaongea ruzuku, lakini serikali ilikwisha kujaribu njia ingine: kukataza. Mwaka 2024 ikakataza bia na vinywaji baridi vya Zambia kwa miezi 12, juu ya kulinda viwanda vya hapa. Zambia ikajibu: tarehe 10 Agosti ikafunga mpaka, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania vyote. Makamyo ya shaba yakasimama mustari mpaka macho haifike mwisho. Siku chache kisha, wakafungua juu pande zote mbili zilikuwa zinaumia.

Njo vile ninauliza: nchi yenye shaba yake inapita kwa mlango wa jirani, itapigana na huyo jirani juu ya chupa ya bia? Na ile bia yenyewe, mukikataza ku barabara, inapita na kinga (baiskeli) ku njia za pori.

#9 MwanafunziUNILU
Asanteni, uzi mzuri. Mimi niko uchumi mwaka wa mwisho, naona tunabishana juu ya chombo (umeme, kodi, marufuku) na tunasahau sharti.

Korea Kusini miaka ya 1960 na 1970 ilitoa mikopo ya bei chee kwa makampuni yake, ila kila mkopo ulifungwa kwenye lengo la kuuza nje. Hujafikisha, unakatiwa. Benki ya Dunia iliwaambia kiwanda cha chuma cha Pohang hakina maana kiuchumi. Wakakijenga kwa sehemu kubwa kwa pesa za fidia kutoka Japani, kikaanza kazi 1973, na leo kampuni yake, POSCO, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa chuma duniani. Kwa hiyo ruzuku inaweza kufanya kazi. Kinachokosekana kwetu ni ujasiri wa kumnyang'anya aliyeshindwa.

#10 MzeeWaLikasi
Kijana, na sisi tulikuwa na Pohang yetu. Jina lake Maluku, kando ya mto, karibu na Kinshasa. Kiwanda cha chuma, mwaka huohuo wa sabini na kitu, uwezo wa tani 250,000. Hakikuwahi kuzidi sehemu ya kumi ya uwezo huo, kikafungwa katikati ya miaka ya themanini. Kilikuwa kinakula vyuma chakavu na malighafi ya kuagiza, maana machimbo ya chuma yaliyoahidiwa hayakufunguliwa. Tofauti na Korea nadhani inaanzia hapo, hata kabla ya hilo sharti lako: Wakorea waliuliza kwanza nani atanunua chuma. Maluku ilijengwa ili ionekane.

#11 RuashiMoja
@MwanafunziUNILU umesikia? Vitabu vimekutana na mvi 😄 Halafu wewe si shabiki wa Lupopo? Timu ya wafanyakazi wa reli, ndiyo maana mnapenda kuahidi behewa litafika.

#12 MwanafunziUNILU
Lupopo na reli ni fahari, yaya. Tutakutana uwanjani. Kuhusu Maluku nakubaliana na Mzee juu ya soko, lakini hilo halifuti sharti. Linaongeza la pili.

#13 GomaVolkano
Salamu kutoka Kivu. Naunga mkono #1 kwa mfano ulio karibu. Bwawa la Matebe, Rutshuru, lilianza kutoa umeme 2015, megawati 13 na kitu, likijengwa kupitia mbuga ya Virunga. Hakuna tajiri aliyepewa fungu kwanza. Umeme ulipofika, mashine za kusaga zilizokuwa za mazuti zikahamia kwenye waya, mafundi wa kuchomelea wakaongezeka mjini. Watu walifuata waya kama nyuki.

Ila niseme pia ukweli wote: umeme haukuzuia vita. Nguzo zimepigwa, laini zimekatwa, zikarudishwa, zikakatwa tena.

#14 BukavuKwetu
Ndugu yangu wa Goma amefungua mlango ninaotaka kupita. Sisi Kivu Kusini tulikuwa na kiwanda cha sukari cha Kiliba, uwanda wa Ruzizi, jirani na Uvira. Umeme upo, Ruzizi ya kwanza ni ya 1958 na ya pili 1989. Miwa ipo, soko lipo mpaka Bujumbura. Kikafungwa 1996 vita vilipoingia. Hapo hakuna kodi wala riba ya kuzungumza. Nyinyi Walushois, watu wa Lubumbashi, mnaweza kujadili ruzuku kwa sababu mnalala usingizi. Kwetu usalama ndio ruzuku ya kwanza.

#15 MashineYaUnga
Mmetaja kila kitu isipokuwa kitu ambacho kila mtu hapa alikula leo: bukari (ugali).

Nasaga mahindi Katuba. Mji huu unakula unga kila siku ya Mungu, soko lake halihitaji kutafutwa. Lakini Zambia ikifunga mahindi yake, kama ilivyofanya mara nyingi mvua ikigoma, bei ya kipimo inapanda huku kabla gazeti halijaandika. Tuna ardhi kutoka hapa mpaka Kaniama, tuna mvua, halafu tunangoja ruhusa ya Lusaka ili tule. Pale Kaniama-Kasese Service National, shirika la serikali, wanalima mahindi na yanaletwa kwa reli mpaka huku. Yakifika yanasaidia, bei inapumua. Basi kwa nini ruzuku ya viwanda isianzie shambani? Mbolea, mbegu, barabara ya kutoa gunia. Mimi nina mashine, nina wateja, nakosa cha kusaga.

#16 TransitKasu
Papa, uko sawa, lakini unga wa Zambia wenyewe mara ingine uko na ruzuku ya kule: serikali yao inawapa wakulima mbolea bei ya chini. Kwa hiyo mama wa Katuba anapika bukari yenye imelipiwa kidogo na Lusaka. Munataka tuikatae?

#17 MashineYaUnga
Sitaki tuikatae. Nataka na sisi tufanye.

#18 DiasporaMilwaukee
Nawasoma nikiwa Marekani, jimbo la Wisconsin, na huku ubishi ni huohuo, tofauti ni idadi ya sufuri.

Mwaka 2017 jimbo hili liliahidi kampuni ya Foxconn takriban dola bilioni 3 za msamaha na marejesho ya kodi. Nao wakaahidi uwekezaji wa bilioni 10 na ajira 13,000 za kutengeneza skrini. Nyumba za watu zikanunuliwa na kubomolewa ili barabara zipanuliwe. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: uwekezaji wa milioni 672, ajira 1,454. Kilichookoa hazina ni kwamba sehemu kubwa ya pesa ilikuwa ilipwe BAADA ya ajira kuonekana. Zilizokwisha kuzama ni za barabara, maji na ardhi, yaani mambo yaleyale ambayo #1 anasema ndiyo salama. Fikirini hapo.

Kisha 2022 zikaja sheria mbili kubwa: ya CHIPS, dola bilioni 39 za kujengea viwanda vya chipu, na IRA ya nishati safi. Wapinzani wakasema ni kugawia matajiri. Wakaingia madarakani, Julai 2025 wakafuta punguzo la magari ya umeme, halafu mwezi uliofuata serikali hiyohiyo ikachukua karibu 10% ya hisa za Intel. Kwa hiyo msidhani wakubwa wana jibu moja. Wanabadilisha kila uchaguzi, na mwenye kiwanda anabaki na jengo nusu.

#19 KijanaWaKampemba
Kaka, mfano wako ni mzuri ila barabara ya Wisconsin bado ipo, kiwanda kingine kinaweza kuitumia. Pesa iliyoingia mfukoni haitumiki na mwingine.

#20 MhasibuWaMjini
Na ile IRA ilitugusa sisi moja kwa moja. Nusu ya punguzo la dola 7,500 kwa gari ilidai sehemu ya madini ya betri itoke Marekani au nchi yenye mkataba wa biashara huria nao. Kongo haina. Maroko inao tangu 2006. Kwa hiyo kobalti ya Kolwezi haikuhesabiwa, isipokuwa ikisafishwa mahali penye mkataba. Ruzuku ya mwenzako inaweza kuwa ukuta kwako.

Halafu mnakumbuka ule utafiti wa BloombergNEF wa 2021? Walisema kiwanda cha tani 10,000 za malighafi ya betri kingegharimu dola milioni 39 hapa, karibu theluthi moja ya gharama ya Marekani. Aprili 2022 tukasaini na Zambia mkataba wa betri. UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, ikapata kituo chake cha utafiti. Kiwanda chenyewe bado tunakingoja.

#21 RuashiMoja
Kwa sababu tunabembeleza! Indonesia haikubembeleza. Ilikataza nikeli ghafi kutoka 2014, ikalegeza, ikafunga kabisa Januari 2020. Ulaya ikaishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO) na ikashinda, Indonesia ikaendelea. Leo matanuru yamejaa kule. Na sisi Februari 2025 tulisimamisha kuuza kobalti nje, Oktoba tukaweka mgao wa kuuza nje: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda. Hatukutoa ruzuku hata senti. Tuendelee hivyohivyo na shaba.

#22 MzeeWaLikasi
Nikeli ya Indonesia ilisafishwa kwa makaa ya mawe waliyonayo chini ya miguu yao. Wewe utayeyushia shaba yote kwa nishati gani? Tanuri la mgodi wa Kamoa-Kakula la tani 500,000 kwa mwaka limeilazimu kampuni ijitafutie umeme, na migodi ya Lualaba inanunua umeme wa Zambia. Tunarudi palepale kwa kijana wa #1, ingawa nilimpinga.

#23 KijanaWaKampemba
Asante Mzee, nimeiweka alama hiyo post 😄

#24 MzeeWaLikasi
Usifurahi haraka. Waya mpya ukija, migodi itaukodi wote kabla haujafika Kampemba, kwa sababu inalipa kwa dola na kwa miaka. Bila sheria inayotenga megawati za viwanda vidogo, beseni zako zitaendelea kuganda. Na jambo lingine nililobaki nalo moyoni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Mafundi wa mashine, wachomeleaji, watu wa maabara, waliofundishwa kwa miaka ishirini. Pesa ya kuwaondoa ilipatikana. Wengi wao wameshazeeka, wengine wamekufa. Mnaposema kufufua, mashine inaagizwa China na inafika kwa meli. Yule fundi aliyekuwa anaisikiliza kwa sikio mnamwagiza wapi? Ruzuku iende kwanza kwenye shule za ufundi, nasema hivyo wazi.

#25 MhasibuWaMjini
Naongeza kesi, bila kutaja ofisi. Niliandaa faili ya mkopo wa kiwanda cha mteja wangu. Karatasi zote zipo, soko lipo, dhamana ya nyumba ipo. Wakati tunasubiri jibu, mtu akaja na pendekezo: "asilimia kadhaa ya mkopo ibaki mezani, faili itatembea." Mteja akakataa, faili ikalala. Sasa @MwanafunziUNILU, sharti lako la Korea litasimamiwa na nani? Yule aliyeomba asilimia ndiye atakayekwenda kukagua kama lengo limefikiwa?

#26 MwanafunziUNILU
Swali la haki. Ndiyo maana napendelea alichosema DiasporaMilwaukee: ulipe baada ya kazi kuonekana. Kiwanda kitoe, kiuze, kilipe mishahara kupitia benki, ndipo kirudishiwe sehemu ya kodi. Mkaguzi ana nafasi ndogo ya kuuza neno.

#27 MamaSabuni
Mwanangu, kulipwa baadaye kunamfaa mwenye mtaji wa kungoja. Mimi soda nanunua leo, kwa pesa taslimu, na mwenye duka hangoji marejesho. Mkiandika sheria hiyo, itawapata wakubwa wanaoweza kukopa benki, na sisi wa uani tutabaki kuchangia 2%. Fanyeni hivi: soda kostiki, rangi, vifungashio, kila malighafi isiyotengenezwa hapa iingie bila ushuru kwa mwenye patente (leseni) ya kutengeneza. Sabuni iliyokwisha kutengenezwa ilipe yote.

#28 TransitKasu
Mama, kesho yake kila mutu Kasumbalesa atakuwa na patente ya kutengeneza sabuni. Soda itaingia bila ushuru na itauzwa migodini, kule inatumika pia.

#29 MamaSabuni
Basi waje uani kwangu wahesabu miche ya sabuni. Kilo ya soda inatoa miche inayojulikana, hesabu haifichiki. Anayeleta soda bila sabuni atajulikana mwezi wa kwanza.

#30 BukavuKwetu
Na nani atahesabu, Mama? Hilo swali la #25 bado liko wazi.

#31 MamaSabuni
Sisi wenyewe. Tuna chama cha wenye sabuni katika komini, tunajuana. Anayedanganya anaharibu bei ya wote, tutakuwa wa kwanza kumsema.